Alikabidhi Ufunguo Usiku, Akaudai Alfajiri: Kisa cha Safari ya Mtwara na Lindi

Kisa hiki kilitokea Mtwara mjini mwishoni mwa Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Mhusika ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ameniruhusu nikiandike kwa sharti moja tu, nisimtaje jina, wala wenzake. Ninakiandika kwa sababu ni kisa cha mtu aliyefanya karibu kila kitu sawasawa usiku. Alikunywa, hakuendesha, akarudi nyumbani salama, akalala. Halafu saa kumi na mbili kasorobo asubuhi akasimama uani amevaa kanzu iliyopigwa pasi, anataka ufunguo wake awapeleke mke na mtoto Lindi. Mtu yule alikuwa bado amelewa mbele ya sheria, na hakuwa na habari.

Ukikaa kijiweni ukasikiliza watu wanavyozungumzia namna ya kukwepa kukamatwa kwa ulevi, mazungumzo yote ni ya usiku: trafiki wamesimama wapi, njia gani ya kuchepukia, utafune nini ili usinuke. Asubuhi haimo kabisa katika mazungumzo hayo. Na asubuhi ndiyo iliyotaka kummaliza shemeji.

Nianze na jioni ya Jumamosi. Walikuwa wanne, wamesoma pamoja sekondari, na mmoja wao alikuwa ameingiziwa malipo ya korosho ya mnada uliopita. Wanaoijua Kusini wanajua maana yake. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, na aliyepata hakubali kula peke yake. Wakapanga kukutana kwenye baa moja ya Shangani, upande wa baharini. Shemeji alikuwa ametoka Lindi na familia mchana ule, wamefikia kwetu Chikongola, na jioni akaondoka na gari lake kwenda huko, kwa sababu alitaka kuwapitia wenzake wawili njiani.

Hapo ndipo pa kwanza pa kutazama. Gari likishafika baa, usiku wote unabadilika. Hata kama mtu amejiapiza kwamba hataendesha, ikifika saa sita gari lipo pale nje, na linahitaji uamuzi. Litalala wapi? Nani atalilinda? Vioo vya pembeni vitakuwepo asubuhi? Na kwetu kuna jambo jingine zito kuliko vioo, ambalo huwa halisemwi kwa sauti: Mtwara si Dar es Salaam. Gari la mtu linajulikana. Likilala nje ya baa, watu wa swala ya alfajiri wakipita wataliona, na kabla jua halijapanda habari imeshafika kwa wazee. Nimewasikia wanaume zaidi ya mmoja wakikiri kwamba waliendesha wamelewa, na kilichowasukuma ni aibu ya gari kukutwa pale, wala si haraka ya kufika nyumbani. Ukimpa mtu kama huyo hotuba kuhusu ajali haimwingii, kwa sababu anachokiogopa usiku ule ni macho ya majirani. Ukitaka kumsaidia, lisaidie gari lake lisifike baa tangu mwanzo. Bajaji kutoka Chikongola hadi Shangani ni safari fupi, na wenzake wawili wangeweza kujifikisha wenyewe.

Kilichomwokoa usiku ule ni yule wa nne. Huyu hanywi, hajawahi kunywa, na hajawahi kuwahukumu wenzake kwa kunywa. Alikuwa na Stoney yake mezani. Kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa alimnyooshea shemeji mkono akasema, "Kaka, ufunguo nipe mimi kabisa." Shemeji akampa, wakacheka, mambo yakaendelea. Ombi lilikuja saa mbili usiku, akili ikiwa bado timamu, na kukubali hakukumgharimu mtu chochote. Kilevi hakianzi na miguu. Huanza na kile kipande cha akili kinachopima hatari, na mtu huona anaweza zaidi muda uleule ambao uwezo wake unashuka. Ndiyo maana uamuzi wa nani ataendesha hauwezi kuachwa uje kufanywa saa sita na watu waliokwishakunywa tangu saa mbili.

Na kweli ilipofika saa sita na nusu, maneno yalikuja kama yanavyokuja siku zote. "Barabara tupu saa hizi." "Trafiki wameshalala." "Pita huku nyuma, hukutani na mtu." Shemeji mwenyewe akamwambia rafiki yake, "Niletee ufunguo, ni hapa tu Chikongola." Yule bwana hakubishana. Alikuwa ameshaingia kwenye gari, amekaa upande wa dereva, amewasha taa, anamsubiri. Ubishi na mtu aliyelewa hauna mwisho, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kiti kikiwa tayari kina mtu, hakuna cha kubishania.

Wale wawili wengine waliondoka na bodaboda. Hapo sikuridhika, na niliwaambia baadaye. Bodaboda ya usiku nje ya baa, dereva wake humjui, hujui naye ametumia nini, na abiria aliyelewa hata kujishikilia vizuri hawezi. Bajaji ingewafaa zaidi, tena ya mtu ambaye wameichukua namba yake mchana.

Rafiki alilifikisha gari kwetu, akaliegesha uani, akanigongea mimi dirishani badala ya kumpa shemeji ufunguo. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nakuachia wewe kaka. Amekunywa bia sita na toti mbili za konyagi, nimehesabu." Sentensi hiyo fupi ndiyo iliyoniwezesha kupiga hesabu zote nitakazozionyesha. Asiyekunywa akihesabu chupa za mwenzake, anamfanyia hisani kubwa kuliko anavyodhani, maana mnywaji mwenyewe asubuhi atakwambia ni nne.

Sasa asubuhi. Kule Lindi kulikuwa na dua ya arobaini ya baba yake mdogo shemeji, saa nne. Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya kilomita 100, kwa mwendo wa halali ukihesabu vijiji vyote vya kilomita 50 kwa saa ni kama saa mbili. Kwa hiyo alitaka kuondoka saa kumi na mbili. Alikuwa ameoga maji baridi, amepiga mswaki, amekunywa kahawa chungu vikombe viwili kwa muuza kahawa wa barazani. Hakuyumba, hakunuka sana kwa mtu aliyesimama mbali, na alikuwa anaongea vizuri.

"Shemeji, za asubuhi."

"Salama shemeji. Umeamkaje?"

"Nimeamka safi kabisa. Nataka tuwahi dua."

"Mlirudi saa sita na nusu."

"Ndiyo, lakini nimelala. Usingizi umenitoa zote."

Mama yangu, yaani mama mkwe wake, alikuwa ameketi mkekani hatua chache kutoka pale, tasbihi mkononi. Shemeji alishamwamkia kwa mbali, kwa adabu zote, na alikuwa amejipanga kusimama upande ambao upepo haupeleki harufu kwa mama. Katika hali hiyo nisingeweza kumwambia, "Wewe bado umelewa." Ningekuwa nimemvua nguo mbele ya mkwewe. Na yeye asingeweza kusema mbele ya mama kwamba haendeshi kwa sababu ya jana. Kama angekuwa peke yake na ufunguo wake, angeondoka tu na mke na mtoto, kwa sababu maelezo ya kutokuondoka yalikuwa magumu kuliko safari yenyewe.

Mahali hapa ndipo visa vingi vinapoharibikia, na sijawahi kuona mabango ya usalama barabarani yakipagusa. Mabango humwambia dereva asiendeshe. Hayamwambii ndugu wa dereva la kufanya dereva anapokuwa na haya. Mtu wa namna hii anahitaji apewe njia ya kutoka ambayo heshima yake inabaki. Nilichomwambia kilikuwa kweli kabisa: "Shemeji, mimi tangu mazishi sijafika kutoa mkono wa pole. Leo nawapeleka mimi, na dua nihudhurie." Mama akasema, "Ni vizuri." Shemeji akanitazama kidogo, akaenda kukaa kiti cha pembeni. Mdogo wangu, ambaye alijua yote, akapanda nyuma na mtoto bila neno.

Tukatoka. Tukapita Mikindani, magofu na bahari upande mmoja, tukapita Msijute kwenye kiwanda cha saruji cha Dangote ambako malori huingia na kutoka bila kujali siku. Ile ni barabara ya lami nzuri, na uzuri wake ndio mtego. Msimu wa korosho baiskeli zimebeba magunia yaliyozidi upana wa mpandaji, mbuzi wanavuka bila taarifa, na lori lililosheheni likiwa mbele yako kwenye mwinuko linakutia hamu ya kulipita. Kulipita lori ni kukadiria mambo matatu kwa mara moja: mwendo wako, mwendo wake, na umbali wa anayekuja. Ukadiriaji huo ndio unaoharibika mapema pombe ikiwa mwilini, muda mrefu kabla mtu hajaanza kuyumba.

Kati ya Madangwa na Mnazi Mmoja tukasimamishwa. Trafiki wawili, sare nyeupe, mmoja akaja dirishani.

"Habari za safari."

"Nzuri, afande."

"Leseni." Akaitazama, akainama kidogo kuangalia ndani. Akakaa hivyo sekunde chache zaidi ya kawaida. "Humu ndani kuna harufu."

Shemeji alikuwa anatazama mbele, mikono magotini.

"Abiria wangu jana alikuwa na sherehe, afande. Mimi sijatumia."

Akaenda kwenye gari lao akarudi na kipimo, akatoa mrija mpya kwenye karatasi yake, akauchomeka, akaniambia nivute pumzi nipulize mfululizo hadi aseme basi. Nikapuliza. Akasoma, akanionyesha sifuri, akanirudishia leseni. "Mwendo wa pole, kuna vijiji." Tukaondoka.

Tulipofika Ngongo, Lindi ikiwa imekaribia, shemeji akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote katika kisa hiki: "Sasa mimi hapa nilikuwa natakiwa niendeshe saa ngapi?"

Baada ya dua tulikaa chini ya mwembe na karatasi, tukapiga hesabu. Naiweka hapa kama tulivyoiandika.

Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi halisi, ambazo kwa uzito ni kama gramu 20. Bia sita ni gramu 120. Konyagi ni asilimia 35, kwa hiyo toti ya mililita 30 ina gramu 8 na kidogo, na mbili zinakaribia gramu 17. Jumla gramu 137 hivi. Shemeji ana kilo 75. Kilevi husambaa kwenye maji ya mwili, na kwa mwanaume hukadiriwa kwamba husambaa katika sehemu kama 68 kwa 100 za uzito wake. Kwa mwanamke ni pungufu, ndiyo maana kiasi kilekile humkuta mwanamke na kilevi kingi zaidi kwenye damu. Ukigawanya, unapata kama miligramu 267 katika mililita 100 za damu, endapo ungevinywa vyote kwa pamoja na mwili usitoe chochote.

Mwili unatoa, lakini kwa mwendo wake. Ini huvunja kilevi kwa kasi ambayo karibu haibadiliki, wastani wa miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Kuanzia saa mbili usiku alipoanza kunywa hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa 10, yaani miligramu 150 zimeondoka. Zimebaki kama 117. Kikomo cha sheria yetu kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80. Kwa hiyo saa ile amesimama uani na kanzu yake, alikuwa amekivuka kikomo kwa mbali. Saa mbili asubuhi, wakati tuko njiani, bado angekuwa juu yake kidogo, 87. Saa nne, dua inaanza, 57. Damu yake ilikuwa inakaribia kuwa safi saa nane mchana.

Haya ni makadirio, na lazima niliseme hilo kwa uzito. Wapo ambao ini lao hutoa miligramu 20 kwa saa. Mtu huyo asubuhi ile angekuwa na 67, chini ya kikomo kwa kuponea chupuchupu. Wapo wa miligramu 10; huyo angekuwa na 167, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Mtu hajui yeye ni yupi. Na kuwa chini ya 80 si kuwa salama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi ziweke kikomo cha 50, kwa sababu uwezo wa kuendesha huwa umeshapungua kabla ya kufika 80. Kwa hiyo hesabu hii isitumiwe kutafuta dakika ya kwanza ya kuondoka. Itumike kupanga safari iwe alasiri badala ya asubuhi.

Shemeji alihoji kila kitu, na nafurahi alihoji. Usingizi je? Usingizi haumpi ini nguvu ya ziada. Saa sita za kulala zinatoa kilevi kilekile kama saa sita za kukesha. Kahawa? Inamfumbua mtu macho, na hapo hatari inaongezeka, kwa sababu aliyesinzia angeahirisha safari, na aliyechangamka anaondoka na kilevi chake. Maji baridi, ndimu, maziwa, kutapika asubuhi: kilichokwisha kuingia kwenye damu hakirudi tumboni kikatapikwa. Supu ya pweza? Chakula kinasaidia kikiliwa kabla na wakati wa kunywa, kwa sababu kinachelewesha kilevi kuingia kwenye damu na kushusha kilele chake. Kikiliwa asubuhi kinashibisha, basi.

Halafu akauliza juu ya pipi za minti na karafuu. Kipimo cha trafiki hakinusi mdomo. Kinapima hewa inayotoka ndani ya mapafu, ambako damu na hewa hukutana na kilevi huvuka kutoka kwenye damu kuingia kwenye pumzi. Vipimo hivyo hutengenezwa kwa kanuni kwamba lita 2.1 za pumzi hubeba kilevi sawa na mililita moja ya damu. Karafuu haifiki huko.

Nilimweleza pia kingetokea nini kama angekuwa yeye aliyepuliza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inaliweka kosa hili mbali na makosa madogo ya barabarani. Hii haifanani na kuzidisha mwendo, ambako unaandikiwa shilingi 30,000 ukaendelea na safari. Gari linabaki pale au kituoni, dereva anachukuliwa, anaweza kupelekwa hospitali kutolewa damu, na jambo linaishia mahakamani, ambako leseni yenyewe iko hatarini. Kukataa kupuliza hakumsaidii mtu, kwa sababu kukataa bila sababu ya msingi ni kosa lake lenyewe. Fikiria sasa picha ile: mke na mtoto pembeni ya barabara karibu na Mnazi Mmoja wanatafuta kosta, baba amekaa kituoni na kanzu, ndugu Lindi wanasubiri mtoto wa marehemu afungue dua. Kama angegonga baiskeli kabla ya kusimamishwa, hata picha hiyo ingekuwa nafuu. Bima nazo, hata ile kubwa, kwa kawaida zina kipengele cha dereva aliyelewa, na kampuni ikikishika, gharama ya gari inarudi kwa mwenye gari.

Kuna wanaosema, hayo yote yanamalizwa pale pale barabarani kwa kumalizana na askari. Nalipinga jambo hili kwa nguvu zangu zote. Kwanza kutoa rushwa ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kwa hiyo mtu aliyekuwa na kosa moja sasa ana mawili. Pili, na ndilo linaloniumiza, dereva aliyetoa fedha anarudishiwa ufunguo. Kilevi chake hakijapungua hata miligramu moja, na mbele yake bado kuna kilomita 40 za wapanda baiskeli. Vivyo hivyo kwa madereva wanaopigiana taa kuonyana kwamba mbele kuna ukaguzi. Wanadhani wanamsaidia mwenzao. Anayefika salama kwa sababu amemkwepa askari amekwepa kipimo tu. Lori, mbuzi na mtoto wa madrasa viko palepale barabarani.

Kama mtu ameshafika hapo pa kusimamishwa na anajua alikunywa, la kufanya ni kusimama bila kukimbia, kuzima gari, kujibu kwa adabu, kupuliza akiambiwa, na kuomba ruhusa ya kumpigia ndugu aje kuchukua familia. Asibishane. Asitunge hadithi ya dawa ya kifua. Kituoni ana haki ya kuomba dhamana na kupata mwanasheria, na huko ndiko pa kuzungumza. Na anayedhani atalala garini mpaka pombe iishe, akalale kiti cha nyuma na ufunguo uwe kwa mtu mwingine. Sheria haimwangalii tu yule ambaye magurudumu yake yanazunguka. Aliyekutwa nyuma ya usukani, ufunguo umechomekwa, atakuwa na mengi ya kueleza.

Desemba kuna harusi ya mmoja wa wale wanne, Lindi. Wameshapanga, na naona wamepanga vizuri kuliko walivyofanya Novemba. Magari yanabaki nyumbani kwa wenyeji. Bajaji mbili zimeshasemwa kabla, namba ziko kwa yule asiyekunywa. Kurudi Mtwara ni baada ya alasiri ya siku inayofuata, na mwenye kazi ya asubuhi atapanda kosta. Shemeji aliongeza jambo ambalo sikulifikiria: amemwambia mke wake waziwazi kwamba asubuhi yoyote anaweza kumwambia "leo naendesha mimi" au "leo tunapanda kosta", na yeye hatauliza kwa nini mbele ya watu. Hilo nimelipenda kuliko hesabu zangu zote, maana linafanya kazi hata mama mkwe akiwa mkekani.

Limebaki jambo moja, nalo ni la huku kwetu hasa. Hesabu niliyoiandika inawezekana kwa sababu chupa ya bia ina namba yake ubavuni. Msimu huu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, watu wengi hawanywi bia. Wanakunywa uraka, pombe ya maji ya mabibo yaliyochachuka, na wengine gongo inayotokana na hayohayo mabibo. Gongo ni haramu na hatari yake ni nyingine kabisa, kwa sababu hujui kilichomo. Uraka ni mtamu, ni wa bei nafuu, unanywewa kwa kopo, na nguvu yake hubadilika kadiri unavyozidi kukaa: wa leo asubuhi si wa kesho jioni. Hakuna asilimia ya kuanzia hesabu, wala ujazo unaoeleweka. Wale wawili walioondoka na bodaboda walinikiri kwamba walipitia uraka kabla ya kufika Shangani, na waliponiomba niwapigie na wao hesabu yao nikawaambia sina pa kuanzia. Kwa aliyekunywa uraka Jumamosi usiku, gari mimi ningempa Jumatatu.